Kiti cha Kabanga

Asubuhi ile Mama Kabedi alikuwa anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni ya Plaji, na pasi yake ya makaa ilianza kupoa. Akatoka nje kuipunga hewani ili makaa yashike moto. Hapo ndipo alipoisikia redio ya barazani ikisema kwamba kimbunga kimetoka baharini, kimepanda nchi kavu Lobito, kimetazama kushoto na kulia, kisha kimeshika njia ya reli kuja Kolwezi. Mama Kabedi alipunga pasi mpaka makaa yakawa mekundu, akarudi ndani kumalizia foronya.

Mwalimu wa jiografia aliyekuwa anakunywa kahawa pale barazani alisema vimbunga havipiti njia hiyo. Mpishi akamjibu kwamba hata treni ya abiria haikuwa inapita saa zilizoandikwa, lakini ilipita. Mwalimu akaona ni kweli, akaomba sukari.

Plaji, ambayo kwa Kifaransa ni ufukwe, haikuwa na bahari, wala haikuiomba. Ilikuwa ukingo wa ziwa lililotokea siku walipouziba mto kwa ajili ya umeme, mwendo mfupi wa gari kutoka Kolwezi. Mchanga wake uliletwa kwa lori, kamio kama wanavyoliita huku. Mgiriki mmoja alijenga hapo nyumba ya vyumba vya wageni, akapanda minazi ikakataa kuota, akanunua mashua za kupiga kasia, na wahandisi wa migodini wakawa wanakuja mwisho wa juma kulala juani mpaka ngozi iwachubuke. Halafu serikali ikasema mali za wageni zirudi kwa wananchi, na mwananchi aliyekuwa amesimama karibu zaidi na mlango alikuwa Sitwayen Ngeleka, yaani Mwananchi Ngeleka, kama sheria ilivyotaka watu waitwe. Mgiriki alimwachia funguo na mbwa. Mbwa alikimbia siku hiyohiyo.

Sitwayen Ngeleka hakuwa mtu mbaya, jamani, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa kupenda shughuli. Alikuwa na abakosti ya kijivu, lile koti la chama lisilovaliwa tai, aliyoivaa hata kwenye joto, na sauti ya kuhutubia hata alipokuwa anaomba chumvi. Jioni ile aliwaita wafanyakazi wote uani: wapishi, wafua nguo, walinzi, wapiga kasia, pamoja na kapita wake aliyewasimamia. Akapanda juu ya kreti ya bia.

"Basitwayen na basitwayene," alisema. "Mugeni mukubwa anakuya. Anatoka baharini, anatembea mupaka huku kwetu. Hajapita Likasi, hajapita kwa bale ba Lubumbashi benye kujisikia. Anakuya Plaji. Bazungu bote ba Kolwezi banataka kumuona. Bashaanza kuuliza vyumba. Sasa, mugeni wa namna hii, tutamupokea namna gani?"

Jibu lilikuwa linajulikana. Katika miaka ile mtu yeyote aliyekuja kutoka mbali, awe waziri, awe mkaguzi wa mizani, alipokelewa kwa namna moja tu: akina mama wamevaa vikwembe, vile vitenge vya chama, ngoma, nyimbo za kusifu, jukwaa lenye kivuli, kiti cha heshima, hotuba. Yaani animasyo. Hata mkaguzi wa mizani alichezewa, akalia.

"Na animasyo," alisema Ngeleka. "Sitaki mutu kusema kama Plaji haikupokea mugeni."

Ikabaki shida ya jina. Redio ilikuwa inakiita kimbunga hicho Henriette, na majina ya Kizungu ya namna hiyo yalikuwa yamekatazwa nchi nzima. Ngeleka mwenyewe alikuwa Gaston mpaka juzi. Mtu hawezi kupaka rangi kitambaa kikubwa cha "Karibu Henriette" akabaki na kazi yake. Ngeleka alifikiri kidogo pale juu ya kreti, akasema mgeni ataitwa Mbuyi, kwa heshima ya mama mkwe wake.

Mama Kabedi aliinua mkono.

"Tata Ngeleka, Mbuyi hawezi kuya yeye peke. Mbuyi ni pasa. Nyuma yake kuko Kabanga."

Alisema jambo ambalo kila mtu pale uani alilijua tangu tumboni. Wakizaliwa mapasa, yaani mapacha, wa kwanza kutoka ni Mbuyi, na anayemfuata ni Kabanga. Ukimwita mtoto Mbuyi, umeshamwita na mwenzake. Lakini Kabanga wa mama mkwe wake Ngeleka alikufa mchanga, zamani sana, na Ngeleka alikuwa amezoea Mbuyi wa peke yake, anayekuja kila Krismasi na kukaa mpaka Pasaka. Akaona mmoja anatosha.

"Mama, ni jina tu," alisema. "Tusilete complication."

Kuanzia jioni ile watu waliacha kusema "kile kimbunga" wakaanza kusema "Mbuyi". Mama Kabedi alirudi kwenye pasi yake akitikisa kichwa, lakini hakuwa na muda wa kutikisa sana. Alikuwa na jambo lake.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yake, Godelieve, aliolewa Tenke na mfunga mabehewa wa reli, na sasa alikuwa anakuja nyumbani kuzaa. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, chini ya paa la mama. Kwa sheria binti huyo hakuwa tena Godelieve, alikuwa na jina lingine refu kwenye kitambulisho, lakini mama yake alimwita Godelieve ndani ya nyumba, na sheria haikuwahi kualikwa ndani. Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye kambi ya wafanyakazi, nyuma ya kichaka: matofali ya udongo, mlango wa mbao za kreti, na juu malata, yaani mabati, malata ya kweli. Marehemu mume wake, Kisimba, aliyanunua moja moja, kila mshahara lata moja, akiyabeba kichwani kutoka Kolwezi kwa miguu ili asilipe nauli. La mwisho lilikuwa na tundu. Kisimba aliliziba kwa godroni, lami ya barabarani, na doa la godroni likatokea na umbo la kuku anayetaga. Liliwekwa juu ya kitanda. Mama Kabedi alilala chini ya kuku yule miaka yote ya ujane wake, na alimpenda.

Telegramu zikaanza kuja. Mbuyi alisafiri kwa mwendo wa treni ya mizigo, na kama treni ya mizigo, alisimama kila stesheni. Shefu wa gare ya Dilolo, mkuu wa stesheni, aliarifu kwamba mgeni amefika salama, amekunywa kisima chote, amelala. Wa Kasaji alisema ameng'oa mihogo ya shamba zima na kuiacha imepangwa mafungu, tayari kwa soko. Wa Mutshatsha alilalamika tu kwamba mgeni hakuwa na tikiti, akauliza amwandikie nani. Ngeleka aliibandika kila telegramu kwenye mlango wa baa, na vyumba vikajaa. Wahandisi walileta wake zao na watoto wao. Madamu Simone, mke wa mmoja wao, alileta darubini, kofia ya mvua na sweta aliyokuwa anaifuma, akauliza kimbunga kitapita upande gani wa baraza ili asogeze kiti mapema.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba jukwaa halina paa.

Nguzo zilikuwepo, viti vilikuwepo, kitambaa cha "Karibu Sitwayene Mbuyi" kilikuwepo, lakini juu kulikuwa wazi. Watalii hawawezi kutazama kimbunga huku wanalowa. Madukani Kolwezi hapakuwa na malata wala msumari. Ngeleka alitazama nyumba ya wageni: vigae, vyake, haviwezi kuguswa. Akatazama ng'ambo ya kichaka, kambi inang'aa juani.

Kesho yake kapita alikuja na ngazi, na nyuma yake Swedi na kamio lake. Swedi alikuwa msafirishaji, mtoto wa watu wa Kasongo, anayejua barabara zote za huku na mashimo yake kwa majina. Mama Kabedi alisimama mlangoni na pasi mkononi.

"Kapita, mutoto wangu anakuya kuzala humu."

"Mama, mi najua. Mi pia banatosha yangu. Asubui nilianzia kwangu."

Ilikuwa kweli, paa lake lilikuwa limeshatolewa; mke wa kapita alikuwa ameketi nje, sufuria kichwani. Mama Kabedi alikwenda mwenyewe kwa Ngeleka. Alimkuta anajipima abakosti mbele ya kioo.

"Tata, sasa muvula ikinyesha juu ya mutoto?"

"Mama Kabedi, kimbunga iko njiani. Siku ile kila mutu atalowana. Mwenye malata, asiye na malata, ni sawasawa tu." Akafunga kifungo cha juu. "Na tena ni kuazima. Malata itarudia. Mi, Ngeleka, nasema mbele yako: itarudia."

"Siku gani?"

"Itarudia," alisema Ngeleka, kwa ile sauti ya hotuba.

Mama Kabedi alitoka bila kuaga. Alirudi akakuta nyumba yake imefunuliwa kama chungu. Swedi alikuwa ameyapanga malata kwenye kamio, na ya Mama Kabedi ameyaweka juu ya mengine yote yasikwaruzwe, kuku wa godroni anatazama mbingu.

"Mama, usilie," alisema Swedi. "Nitakupa turubai ya kamio. Iko na matundu, lakini ni matundu ya heshima."

"Silii. Nahesabu tu misumari yangu."

"Nimeitia yote mu kopo."

"Eh, Swedi, ungekuwa mwanamuke ningekuoa."

Godelieve alifika kwa treni ya Kolwezi siku moja kabla ya mgeni. Alikuwa mzito, miguu imevimba, amechoka, na alipoingia ndani aliinua macho kumsalimu kuku wa godroni kama alivyofanya tangu utoto. Akaona turubai, na pembeni ya turubai akaona wingu. Alilala, na mama yake akamkanda miguu, na wote wawili wakasikiliza vyura wa ziwani waliokuwa wanagombania nafasi.

Siku ya kuwasili ilikuwa Jumamosi. Kwa kuwa reli haifiki Plaji na mgeni hakuijua barabara, Swedi alitumwa na kamio kumchukua stesheni ya Kolwezi. Baadaye alieleza kwamba hapakuwa na taabu. Alimkuta Mbuyi kwenye jukwaa la abiria, amejikunja juu ya mizigo, watu wanampisha. Swedi alimwamkia, akawasha injini, akatoka polepole, na Mbuyi akafuata nyuma. Barabara ilikuwa nyembamba na Swedi hakuwahi kumruhusu mtu ampite. Mbuyi alijaribu mara moja karibu na daraja; Swedi akatoa mkono dirishani kumwonyesha kuna baiskeli mbele. Mbuyi akarudi nyuma, akangoja.

Wakati huohuo kambini, uchungu ulimshika Godelieve.

Mama Kabedi alikuwa ameshavaa kikwembe cha chama. Asiyefika kwenye animasyo alifukuzwa kazi. Hilo halikuhitaji kuandikwa popote. Alimwita Mama Zena, mke wa Swedi, mwanamke mnene mwenye mikono mitulivu, aliyekuwa amezalisha nusu ya kambi. Mama Zena alikunja mikono ya nguo, akatazama juu, turubai lilikuwa linapiga mabawa.

"Enda ucheze," alisema Mama Zena. "Lakini cheza mbio, umumalize huyu mugeni. Mutoto anakuya, hangojei mutu."

Akaenda. Mbingu upande wa Kolwezi ilikuwa imegeuka rangi ya shaba iliyokaa nje. Jukwaani watalii walikuwa wamekaa kavu, wanakunywa, na juu ya vichwa vyao malata ya kambi nzima yamepigiliwa vizuri. Mama Kabedi alimwona kuku wake juu kabisa ya kiti cha heshima. Akajipanga mstarini.

Kamio la Swedi likatokea kwenye kona, na nyuma yake Mbuyi.

Alikuwa mrefu kuliko mitambo ya migodini, anazunguka polepole kama mtu anayetafuta alikoweka miwani, na katikati yake kulikuwa na jicho moja, la buluu, tulivu sana. Swedi alimpisha kwa adabu. Madamu Simone aliweka chini sindano za kufumia. Ngeleka akatoa ishara, ngoma ikalia, akina mama wakaanza: nyimbo za chama, nyimbo za kiongozi, nyimbo za umoja. Walicheza vizuri. Mbuyi alisimama ukingoni mwa ziwa, hakusogea. Wakaimba tena zilezile kwa sauti zaidi. Mbuyi alitazama pembeni. Watalii wakaanza kuangalia saa, na mmoja akauliza kama hii ndiyo yote.

"Anangoja nini?" alinong'ona Ngeleka.

"Anangoja bamutukane," alisema Mama Kabedi. "Tata, ni pasa huyu."

Maana mapasa hawapokelewi kwa sifa. Mapasa huimbiwa matusi, wao na waliowazaa, matusi mazito ya kuwachekesha wakubwa na kuwafukuza watoto. Ukiwasifu wanadhani unaongea na mtu mwingine. Ngeleka alitazama watalii, akatazama abakosti yake. Mama Kabedi hakungoja ruhusa. Kule nyuma ya kichaka mtoto wake alikuwa analia, na yeye alitaka kazi hii iishe. Alichota pemba, ule udongo mweupe wa mapasa, mfukoni mwa blauzi, akajipaka usoni, akashika kiuno.

"We mwenye jicho moya!" aliimba. "Makalio mingi, jicho moya! Mama yako alimeza nini siku ile? Alimeza pipa? Alimeza reli?"

Akina mama wakapokea, na furaha ikawashika, maana zile nyingine walikuwa wameziimba mpaka meno yakawauma.

"Baba yako alilala wapi? Alilala na ziwa! Ziwa ikamukataa, akalala na kamio!"

Swedi alipiga honi kukubali. Mama mmoja wa jikoni aliongeza ubeti ambao hatuuandiki hapa. Mbuyi akaanza kutikisika. Alicheka, na kicheko chake kiliinua maji ya ziwa yakamwagika upya mahali pake, na samaki wakashuka kwenye meza za baa, mmoja kwa kila sahani. Akasogea mpaka jukwaani, ameinama kidogo ili asiguse kitambaa cha makaribisho.

Ngeleka alifungua hotuba yake. Mbuyi alikizunguka kiti cha heshima. Akakizunguka tena. Alitazama kulia kwake, palikuwa na nguzo. Akatazama kushoto, palikuwa na Madamu Simone.

"Anatafuta kiti ya Kabanga," alisema Mama Kabedi. "Ukimupa moya, umupe na mwenzake. Tata, leta kiti ya pili. Haraka!"

"Kwenye programu kuko kiti moya," alisema Ngeleka, akaendelea kusoma.

Mbuyi alimsikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Halafu akajiinua, bila ghadhabu, kama mgeni anayejua kwamba amekuja nyumba ambayo hawajajiandaa, akayachukua malata.

Yalitoka moja moja, kwa mpangilio, bila kugongana. Kwanza misumari ilijichomoa, ikafuata nyuma kama vifaranga. Malata yakapita juu ya baa, juu ya kichaka, na kila moja lilipofika kambini lilitafuta nyumba yake. La kapita lilikwenda kwa kapita. Moja lilikosea, likatua kwa jirani, likaomba radhi kwa mlio mdogo, likahamia. Chini ya jukwaa mvua ilishuka ikawakuta wote: wahandisi, wake zao, darubini, sweta. Ngeleka alisimama ameloa, maji yanamtiririka kutoka kwenye kola, akasoma ukurasa wa pili. Watalii walipiga makofi. Walikuwa wamelipa kuona kimbunga, na sasa walikuwa wanakiona.

Mama Kabedi alikimbia. Alikimbia na kikwembe mkononi na pemba ikimwingia machoni, akasikia njia nzima kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu malata yaondoke: mvua inapiga juu ya nyumba badala ya kupiga ndani. Alipofungua mlango, msumari wa mwisho ulikuwa unajizungusha kuingia mahali pake. Kuku wa godroni alikuwa juu ya kitanda. Chini yake Mama Zena alikuwa ameshika mtoto wa kike, mwekundu, mkavu, amekasirika.

"Ni moya," alisema Mama Zena. "Nimetafuta vizuri."

Mama Kabedi alikaa sakafuni akalia kwa furaha, kwa sauti, bila aibu yoyote, mpaka Godelieve akamwambia anamtisha mtoto.

Mbuyi aliondoka jioni ileile. Alipita tena Kolwezi, akashika reli kuelekea Tenke, na pale Tenke, ambako njia za reli zinakutana na kila msafiri anangoja treni nyingine, naye akangoja. Alijikunja juu ya stesheni, akanyesha kidogo asubuhi na kidogo mchana. Akina mama wanaouza chai pale walisema ni mteja mzuri, hana maneno. Mkwe wa Mama Kabedi aliandika kwamba wanamzunguka tu wanapofunga mabehewa.

Kwa majuma kadhaa maisha Plaji yalikuwa mazuri. Mtoto alinenepa. Alijifunza kumtazama kuku wa godroni, akawa anamwekea macho mpaka usingizi unamchukua. Mama Kabedi alipiga pasi huku anaimba, mara nyingine beti za mapasa, mpaka mpishi akaziba masikio ya watoto wa wageni. Alikutana na Ngeleka uani siku moja, na Ngeleka ndiye aliyeanza.

"Mama Kabedi, si nilisema malata itarudia?"

"Ulisema, tata."

"Ilirudia ao haikurudia?"

"Ilirudia."

"Bon," alisema Ngeleka, na alikuwa anamaanisha. Alikuwa ameahidi, na ahadi ilikuwa imetimia. Siku hizo hakukuwa na wakubwa wengi wa kusema hivyo, na aliutembea uwanja mzima akiwa ameridhika na nafsi yake.

Kisha ikaja telegramu ya Dilolo. Shefu wa gare aliarifu kwamba mwingine amefika, anafanana na yule wa kwanza kama maji na maji, ila huyu ni mkubwa kidogo na hakulala. Anauliza ndugu yake alipita lini.

Ngeleka aliwaita wafanyakazi uani, akapanda juu ya kreti. Safari hii alianza kwa kujikosoa, jambo ambalo chama kilikuwa kinalipenda.

"Basitwayen, mara ya kwanza tulifanya kosa. Nasema wazi: kosa ilikuwa yangu. Mama Kabedi alituambia, hatukusikia." Akamwonyesha kwa mkono, na watu wakampigia Mama Kabedi makofi. "Kosa haitarudia. Safari hii Kabanga atakuta viti mbili. Fundi ameshaanza. Viti mbili, sawasawa, kitambaa sawasawa, bia sawasawa. Na matusi imeingia kwenye programu, saa nane na nusu."

Watu walipiga makofi tena. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

"Na juu ya viti mbili," alisema Ngeleka, "jukwaa itakuwa kubwa zaidi."

Kapita alikuja na ngazi asubuhi, ameanzia kwake. Swedi alikuwa nyuma ya usukani, turubai limekunjwa tayari kando yake, na safari hii hakutania. Mama Kabedi alisimama mlangoni. Alitazama ngazi, akatazama anga upande wa Kolwezi, palipokuwa safi bado. Ndani mtoto alikuwa amelala chali. Godelieve alikuwa ameketi kitandani, hajui amshike mtoto au aanze kukunja mashuka.

"Mama," aliuliza Godelieve, "huyu Kabanga atarudisha pia?"

"Kabanga hatumujui," alisema Mama Kabedi. "Nani alishamuona?"

Akamgeukia kapita, akamwomba kitu kimoja tu: lile lata lenye godroni walitoe la mwisho. Kapita alikuwa mtu mwema, akakubali. Aling'oa misumari polepole, akaitia kwenye kopo mmoja mmoja ili isilie. Jua liliingia kwanza mlangoni, likafika mezani, likafika miguuni pa kitanda, na mtoto akaamka. Hakulia, kwa kuwa kuku alikuwa bado yupo. Alimtazama wakati wote huo.

Kisha wakalitoa na lile, kama walivyokubaliana.